Kuni za Mama

Maharage hayataki haraka. Yakitoka kwenye gunia la mavuno ya mwaka jana, makavu na magumu, hukaa motoni muda wa saa 2 au 3, na moto ukilegea hukaa zaidi. Katika kata ya Bukiriro, wilayani Ngara, kama ilivyo kwenye vilima vingi vya mkoa wa Kagera, ndizi na maharage ndicho chakula cha nyumbani, na chakula hicho hupikwa kwa kuni. Mafiga matatu, sufuria iliyokolea masizi, na mama aliyeinama akipuliza. Kila saa ya kuchemka ina kuni zake, na kila ukuni una kilima ulikotoka.

Kilima hicho mama anakijua kuliko ofisa yeyote wa misitu. Anajua mti unaowaka vizuri ukiwa bado na unyevu, unaorusha cheche, na unaojaza nyumba moshi hadi mtoto akohoe. Anajua chemchemi ipi hukauka mwezi wa Agosti na ipi hubaki. Anajua pia jambo ambalo halimo kwenye ramani yoyote: mwaka alioolewa kuni zilikuwa wapi, na leo ziko wapi. Anayetaka kujua hali ya msitu wa mahali asianze na picha za setilaiti. Amuulize mama anatoka nyumbani saa ngapi na anarudi saa ngapi.

Wengi husema ardhi ni mama. Ni usemi mzuri, na una mizizi mirefu: mtu huulizwa kwao ni wapi kwa kuulizwa kitovu chake kimezikwa wapi, kana kwamba mwili wa mama na udongo wa nyumbani vilikabidhiana mtoto. Lakini usemi huo unaweza kusifu wote wawili huku ukiwaacha wote wawili wakiumia. Kilichofungamana kwa kweli ni mwendo wa miguu. Msitu ukirudi nyuma kilometa moja, mama huongezewa kilometa mbili, ya kwenda na ya kurudi, na ile ya kurudi ana mzigo kichwani. Ngara imelijua jambo hili kwa namna ambayo wilaya chache duniani zimelijua.

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Walikimbia wakiwa na walichoweza kubeba: mkeka, sufuria, mtoto mgongoni. Kambi ya Benaco, kando ya barabara kuu itokayo Rusumo, ikawa mji mkubwa kabla mvua za masika hazijakatika. Baadaye zikaongezeka Lumasi, Musuhura na nyingine, na wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Shehena za chakula zilifika: mahindi ya punje, maharage, mafuta ya kula. Kuni hazikufika. Anayepewa mahindi na maharage makavu amepewa pia kazi ya kutafuta moto wa kuyaivisha, na kazi hiyo haikuandikwa kwenye hati yoyote ya msaada.

Takwimu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zinaonyesha kwamba kati ya 1994 na 1996, wakati mgogoro wa wakimbizi ulipofikia kilele, kambi za Kagera zilitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Tani hizo haziingii akilini kwa urahisi, kwa hiyo zigawanywe kwa vichwa. Mzigo mmoja wa kuni ukiwa na kilo 25, tani 1,200 ni mizigo 48,000. Kila siku ya Mungu. Mingi ya mizigo hiyo ilikaa juu ya ngata, juu ya kichwa cha mwanamke au binti yake. Kufikia mwisho, eneo la kilometa za mraba 570 za misitu lilikuwa limeguswa, na kati ya hizo kilometa za mraba 167 zilikuwa zimekatwa vibaya.

Ni rahisi kuzisoma takwimu hizo na kumwona mkimbizi kama adui wa mti. Waliosema hivyo walikuwepo, na uchungu wa wenyeji waliokuta vilima vyao vimebaki visiki ulikuwa wa haki. Ila mwanamke aliyetoka Benaco alfajiri na panga hakwenda kuangamiza msitu. Alikwenda kupika. Kadiri miti ya karibu ilivyoisha ndivyo alivyolazimika kwenda mbali, na kadiri alivyokwenda mbali ndivyo alivyokuwa peke yake, na porini wanawake walivamiwa na kubakwa. Hatari hiyo ilijulikana katika kambi nyingi za Afrika Mashariki. Kule Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa kugawa kuni kambini ili wanawake wapunguze safari za porini. Gari la kuni likawa sehemu ya ulinzi wa mwanamke. Watunza misitu na watetezi wa wanawake, ambao kwa kawaida huketi katika ofisi tofauti, walijikuta wanazungumzia safari ileile.

Jambo la maana zaidi lililotokea Kagera lilitokea jikoni. Waliopewa kazi ya kuokoa miti walianza kwa kulinda misitu, kuweka alama kwenye miti isiyopaswa kuguswa na kuotesha miche kwenye vitalu. Kisha wakageukia sufuria. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva mapema. Sufuria ikifunikwa mfuniko, na juu yake likawekwa jiwe, joto halipotei. Kuni zikipasuliwa vipande vyembamba na kukaushwa hutoa moto mwingi na moshi kidogo. Moto ukizungushiwa ukuta wa udongo upepo hauubebi, na mahindi yakisagwa huiva kwa sehemu ndogo tu ya kuni zinazohitajiwa na punje nzima. Moto usiokuwa na kazi uzimwe, na vile vijiti vilivyobaki na ncha nyeusi viwekwe kwa ajili ya kesho.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa geni kwa mwanamke aliyelelewa na mama yake huku vilimani. Kuloweka maharage ni elimu ya bibi. Kilichokuwa kipya ni kwamba watu wenye magari na bajeti walikaa chini na kukubali kwamba hatima ya msitu inaamuliwa na mfuniko wa sufuria, na kwamba mwenye sufuria ni mtaalamu. Heshima ya namna hiyo ni adimu. Inastahili kukumbukwa katika historia ya Ngara pamoja na daraja na kambi.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walitakiwa kurudi kwao kabla ya mwaka kuisha, na barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii miguu ikielekea upande wa pili. Vilima vilibaki na visiki vyake. Na visiki vya miti mingi ya miombo, visipochomwa na visipong'olewa, huchipua. Mvua mbili tatu zikipita, kila kisiki hutoa vichipukizi vingi vyembamba vinavyogombania mwanga. Mtu akivipunguza na kuacha viwili vitatu vyenye nguvu, baada ya miaka kadhaa ana mti. Asipovipunguza ana kichaka. Hiyo nayo ni kazi ya kuinama, ya panga dogo na subira, inayofanana sana na kupalilia.

Siku ya Mama Duniani, inayoadhimishwa Jumapili ya pili ya Mei katika nchi nyingi, huonekana kuwa mbali sana na habari hizi. Siku hiyo simu hujaa picha za waridi. Ajabu ni kwamba mzizi wake umo kwenye maji machafu. Katikati ya karne ya 19, kwenye vilima ambavyo leo ni vya jimbo la West Virginia, Marekani, mwanamke aitwaye Ann Reeves Jarvis alizaa watoto zaidi ya 10 na kuwazika wengi wao. Wanne tu ndio waliofikia utu uzima. Magonjwa ya watoto yalikuwa yakifagia vijiji. Mwaka 1858 aliwakusanya akina mama wenzake katika vikundi vya kazi. Walifundishana usafi wa nyumba na mazingira, walikagua maziwa wanayopewa watoto, walisaidia nyumba ambazo mama alikuwa mgonjwa. Alifariki 1905, na binti yake Anna alipofanya ibada ya kwanza ya kuwaenzi akina mama huko Grafton, Mei 1908, alikuwa anamkumbuka mwanamke huyo na kazi hiyo. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson aliitangaza kuwa siku rasmi ya taifa. Anna alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki kuwapinga wauza maua na kadi waliokuwa wameichukua. Alijua mama yake alikuwa anapigania nini: maji, maziwa, uhai wa mtoto.

Karibu zaidi na Ngara, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, uhusiano wa mama na ardhi una jina la mtu. Wangari Maathai alizaliwa 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alipokuwa mtoto anayetumwa kuni, mama yake alimwonya asiokote hata kijiti chini ya mti mmoja mkubwa wa mugumo karibu na nyumbani, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Jirani na mugumo huo palikuwa na chemchemi, na mtoto alicheza na mayai ya vyura majini akiyadhania shanga. Alikwenda Marekani kusoma, akarudi 1966 akiwa mwanabiolojia, na baadaye akakuta mwenye ardhi mpya amekata mugumo ili apate nafasi ya chai. Chemchemi ilikuwa imekauka. Ndipo alipolielewa kwa lugha ya sayansi katazo la mama yake: mizizi mirefu ya mti ule ilishika udongo wa mteremko na kuyapandisha maji ya chini.

Mwanazuoni mwingine angeandika makala. Wangari alirudi kwa akina mama. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya aliwasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza shida zao, na shida zilikuwa kuni, maji, chakula cha watoto. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miti 7 ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingi ilikufa; miwili tu ndiyo iliyopona. Hata hivyo mwanzo ule ndio uliozaa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, ambalo kufikia 2004, mwaka alioshinda Tuzo ya Amani ya Nobel, lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30. Maofisa wa misitu walimwambia kwamba kuotesha miti kunahitaji watu wenye stashahada. Yeye alitazama wanawake waliokuwa wameotesha mahindi na maharage maisha yao yote, akaona mbegu ni mbegu. Walikusanya mbegu za miti ya kwao, wakazisia kwenye makopo yaliyotoboka na vyungu vilivyovunjika, na kwa kila mche uliopona walilipwa kiasi kidogo cha fedha. Malipo yalifuata uhai wa mche. Kupanda na kuacha hakukulipwa.

Kisha ukaja mwaka 1992. Mwishoni mwa Februari, akina mama wazee ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa walikwenda Nairobi wakiwa na mablanketi, wakaketi kwenye kona ya bustani ya Uhuru na kuanza kufunga kula. Wangari aliketi nao. Bustani hiyo ndiyo ileile aliyoitetea 1989, serikali ilipotaka kujenga humo jumba refu la ghorofa 60, na mpango ukashindikana. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, Wangari akapigwa hadi akazimia. Baadhi ya akina mama wale walivua nguo zao mbele ya vijana wenye virungu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki hakuna laana nzito kuliko hiyo: mtoto kuuona uchi wa mama anayemzuia asitende uovu. Polisi waligeuza nyuso. Akina mama walihamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote na kuendelea kudai, mpaka kufikia mapema 1993 karibu wafungwa wote waliowadai wakawa wameachiwa. Walikuwa na mahali pa kuketi kwa sababu miaka mitatu nyuma mtu alikuwa amekataa nyasi zisijengewe.

Kuna swali, hata hivyo, ambalo sifa zote za mama hulipita kimya, nalo ni hili: ardhi anayoitunza ni ya nani?

Mkoa wa Kagera una jibu lake lililoandikwa mahakamani. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Agosti 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, kudai kwamba uuzaji huo ni batili, kwa kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Ana haki ya kuitumia tu maisha yake. Mahakama ya Mwanzo ilimpa mpwa ushindi. Mahakama ya Wilaya ilimpa Holaria. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti ambayo hayamhusu mwanamume inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984. Hukumu hiyo husomwa na wanafunzi wa sheria katika nchi nyingi za Afrika. Ilianza na bibi mmoja na shamba lake.

Miaka 9 baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayotamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na angalau 3 wawe wanawake. Kwenye karatasi ni sheria nzuri sana. Nyumbani, mume anapofariki, bado wapo ndugu wanaofika matanga hayajaanuliwa wakiulizia shamba.

Na hapa ndipo msitu unaporudi kwenye hadithi. Katika mila nyingi za Afrika Mashariki, anayepanda mti anadai ardhi. Maharage ni ya msimu. Hakuna anayegombana na mama kwa sababu ya maharage. Mti hukaa miaka 20 au 50, ni alama ya mpaka, ni hati isiyohitaji muhuri. Kwa hiyo mwanamke asiye na uhakika wa shamba hupewa ruhusa ya kila kitu isipokuwa kitu kinachodumu. Atalima, atapalilia, atabeba samadi na kuitandaza chini ya migomba, lakini akitaka kuchimba shimo la mche wa mgravilea pembeni mwa shamba huulizwa amepewa ruhusa na nani. Miti mingi inayopandwa basi ni ile ambayo mwanamume anaiona kuwa fedha, hasa mikaratusi ya nguzo, nayo ikivunwa fedha huingia mfuko mwingine. Matawi mama huruhusiwa kuokota.

Kumheshimu mama kwa namna inayofika ardhini huanzia kwenye cheti cha hakimiliki ya kimila chenye jina lake. Mwanamke mwenye shamba lenye jina lake anaweza kufikiria mti ambao wajukuu wake watakaa kivulini mwake. Asiye nalo hufikiria jioni ya leo.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Moshi wa jikoni ulipewa uzito na dola, na uzito huo ulikuwa umechelewa: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, wakiwamo wanawake waliopuliza moto na watoto waliokuwa mgongoni. Mitungi midogo ya gesi ya kilo 6 imeanza kuonekana hata vijijini. Huwashwa asubuhi kwa chai ya watoto wanaowahi shule, na usiku mgeni akifika. Lakini maharage yanayohitaji saa 3 humaliza mtungi mapema mno, na kuujaza tena kunahitaji fedha mkononi na safari ya kwenda dukani. Kwa hiyo yakifika maharage, katika nyumba nyingi mtungi huwekwa kando, na mafiga matatu hurudi kazini.

Usiku kabla ya kulala, bakuli la maharage hujazwa maji na kufunikwa kwa sahani ili panya wasiyafikie. Asubuhi yameshavimba, maganda yamelainika, na rundo la kuni mlangoni litavuka siku mbili badala ya moja.